Tafsiri ya Falonne

Kitabu kiliwekwa peke yake katikati ya meza, na hakuna aliyetaka kukigusa. Jaladani palikuwa na joka, na juu ya joka msichana aliyeshika upanga.

Falonne alipigishwa magoti mbele ya kitabu hicho. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Bébé yangu iko na homa tangu hii kitabu iingie mu nyumba," alisema Mama Clémentine, mama yake mdogo aliyemlea, kichanga chake kikiwa mgongoni. "Na huyu mtoto, akilala, anaongea na majoka."

Sebule hiyo ya kupanga, katika mtaa wa wahamiaji wa Rosettenville, ilijaa akina mama wa maombi. Falonne alijua kinachofuata. Mwaka uliotangulia, 2003, Glody wa nyumba ya pili alitajwa mchawi hivihivi, akalazimishwa kufunga hadi akashindwa kusimama, kisha akatupiwa nguo zake nje ya geti. Hakuna aliyejua sasa analala wapi. Na Falonne hakuwa na ndugu mwingine mji mzima.

Pasta Placide aliingia akitoka kazini, bado amevaa koti la ulinzi. Alikuwa mtu mrefu, mkali, asiye na masihara na mtu. Alikichukua kitabu, akapekua. Ukurasa mmoja wenye picha aliupita upesi, lakini Mama Clémentine akamshika mkono.

"Hapo, Pasta. Kwenye damu."

Pasta akamshikia Falonne kitabu wazi. "Haya. Soma, utuambie mu Kiswahili. Pole pole."

Falonne aliutazama ukurasa. Msichana anajichana kiganja, anamnywesha joka damu yake, wanakuwa kitu kimoja. Wiki iliyopita alikuwa ameusoma mara tatu kwa raha zake.

Lakini kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na humu ndani nani alikijua? Akina mama walikuwa na kile cha kuuzia nywele na vitenge, basi. Hata Pasta, wageni wakija kanisani, alitafutiwa mkalimani. Wazo likamjia, na likamtisha kuliko maombi yenyewe.

"Msichana... anapiga magoti," alisema. "Anamwomba Mungu."

"Na joka?" aliuliza Mama Clémentine.

"Joka ni shetani. Msichana anamkemea."

"Endelea," alisema Pasta.

Akaendelea kudanganya. Damu ikawa maji ya ubatizo, upanga ukawa Neno, na mapango yote ya kitabuni akayageuza makanisa. Kila macho yake yalipofika chini ya ukurasa, Pasta alikuwa ameshafunua unaofuata. Joka lilipoanguka, mama mmoja alisema amina, na mwingine akafuta machozi. Falonne alingoja tu mtu ainuke aseme, wewe mtoto, muongo.

Pasta akakifunga kitabu.

"Hamuna uchawi humu. Bébé apelekwe hospitali leo hii. Na huyu mtoto mumupe chakula."

Akina mama wakaanza kuimba. Katikati ya makofi na vigelegele Pasta aliinama kumrudishia Falonne kitabu, akamnong'oneza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba kitabu cha pili cha hadithi hiyo anacho yeye nyumbani, atamletea Jumapili, ila akifunike kwa gazeti, maana humo joka linamwoa yule msichana.