Mabawa Mawili

Mzee Lugendo alifika shambani na bomba la dawa mgongoni, kuwaua nyigu waliojaa kwenye maua ya kunde. Mkewe akamzibia njia.

"Mwaka jana uliwaua hawahawa, vidukari wakatumalizia kunde zote. Umesahau? Mimi sijasahau!"

"Nyigu hawa, Mama Chausiku. Wanauma!"

"Nyigu ana mabawa manne. Hebu hesabu, mwoga wangu."

Mmoja alikuwa ameganda hewani kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Mara akatua kwenye kidole cha mzee, akaanza kulamba jasho. Lugendo akainama, macho yamemtoka.

"Mawili," akanong'ona.

"Basi huyo ni nzi wa maua. Watoto wake ndio wanaokula vidukari."

Mzee alibaki amenyoosha mkono, bomba likimlemea, asithubutu hata kupumua.