Mstari Mwekundu Mbele ya Wageni

Mstari mwekundu wa maandishi ya kosa ulitokea kwenye skrini ya ukutani, mbele ya wageni waliotua kutoka Nairobi asubuhi ile, na programu ya kutabiri mafuriko ikakataa kuendelea.

Nyariek, aliyeiandika kwa miaka miwili, aliusoma na moyo wake ukatulia. Jedwali la mvua lilikuwa limeingizwa kinyume: siku zimekaa penye vituo, vituo penye siku. Yeye ndiye aliyeifundisha programu kukagua umbo la kila jedwali kabla ya kuzidisha namba. Bila ukaguzi huo ingechora ramani nzuri ya uongo, mtaa wa Gudele ukionekana mkavu huku watu wakizama.

Bosi wake alikuwa ametoka tu kuwaambia wageni kwamba kila herufi ya programu ile ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Jina la Nyariek alikuwa amelifuta kwenye programu wiki iliyotangulia.

Sasa alimwinamia sikioni. "Yala, haya, Nyariek, toa hiyo kitu ya kukagua. Iendelee tu."

Dawa ya kosa lile ilikuwa neno moja la kuligeuza jedwali, na Nyariek alilijua. Aliinua mikono yake, akaisukuma kibodi hadi mbele ya bosi.

"Bosi," alisema kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma kabisa, "si ni wewe uliiandika? Waeleze wageni huo mstari unasema nini."

Wageni wote waligeuka. Kidole cha bosi, chenye pete nene ya dhahabu, kilining'inia juu ya herufi.

Nyariek alivuta kiti, akaketi kutazama.