Kura Moja ya Nyumbani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili usihangaike kumtafuta. Niligombea uenyekiti wa mtaa. Siku hizi hatutii alama kwenye karatasi: bangili ya kila mtu husikiliza mapigo yake majina yanapotajwa, kisha humpigia kura yule ambaye moyo unamwamini. Jioni kila nyumba huletewa hesabu yake. Yetu, ya mimi na mke wangu, ilisema: mimi kura moja, mpinzani wangu Bi Siwatu kura moja.

"Mama Mkola," nilisema, nikisukuma bakuli la mlenda, "mtaa mzima nimeshindwa kwa kura moja tu, na msaliti yumo humu ndani."

"Naona."

"Na kofia ya kampeni ukanishonea wewe! Siwatu kakuhonga nini?"

"Bangili haihongeki. Si ulituambia mwenyewe mkutanoni?"

"Usinizungushe. Kwa nini moyo wako umemchagua yeye?"

Akanawa mikono taratibu, akaifuta bangili yake kwa pindo la kanga.

"Baba Mkola, hiyo moja uliyoipata ndiyo yangu. Ya pili kiulize kifua chako."