Hongo ya Visima vya Ugogo

Spana ilikuwa imekwisha kung'ata koki, na Bibi Kashindye alikuwa amelikumbatia bomba kwa mikono miwili.

"Funga! Funga na vidole vyangu humo humo!"

Bernardo, fundi wa idara ya maji mjini Tabora, akajifuta jasho. Ulikuwa mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa, na wakubwa walikuwa wametoa amri: mwenye bili ya miezi mitatu afungiwe maji. Bibi alikuwa na mitatu kamili, shilingi sita. Naye alikuwa mjane, akiishi kwa kuuza togwa sokoni. Bila maji hakuna togwa, na bila togwa bibi huyu hali. Basi.

Wala usidhani watu wa kumsaidia walikosekana. Walikuwapo tele! Dinesh mwenye duka alimpelekea shilingi tatu. Zikarudi siku hiyo hiyo, na matusi juu. Mapadre wakatuma mchele, nao ukarudi. "Mimi si ombaomba," alisema bibi, na katika hilo alikuwa mkaidi kuliko punda.

"Nyinyi watu wa maji ni Wagogo watupu!" akafoka. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Amebeba pembe za ndovu toka hapa mpaka pwani, na kila kisima cha Ugogo wakamtoza hongo. Lete kitambaa, lete shanga, ndipo unywe! Tena watani zetu wale! Nikimpata Mgogo mmoja tu, atanirudishia yote."

Spana ikasimama.

"Bibi," Bernardo akasema polepole, "umejuaje? Mimi ni Mgogo."

Lo! Bibi aliliachia bomba, akamkwida shati. Maana Mnyamwezi akimkamata mtani wake kwa deni la mababu, hakuna hakimu wa kuwaamua. Mtani hakasiriki; mtani hutoa, huku anatukana.

"Mwizi wa maji we! Mbukwenyi!" akamsalimu kwa Kigogo, kwa kejeli.

"Nzuri tu, bibi," akajibu Bernardo, kwa Kiswahili.

Siku ile fundi alilipa zile shilingi sita mfukoni mwake, akarudi na stakabadhi. "Hongo ya kisima cha kwanza, kibibi. Sasa waweza kufa. Nitakuja kuiba sanda."

"Utatangulia wewe, nile pilau yako!"

Mwezi uliofuata akaleta ya kisima cha pili, kisha cha tatu, kila bili shilingi mbili. Mtaa mzima ulikufa kwa kicheko. Mgogo kanasa! Marcelina, jirani wa bibi, akawa anauliza kwa sauti kila fundi akipita, "Leo msafara umefika kisima gani?" Bibi mwenyewe alitembea kichwa juu sokoni, mtungi wa togwa umejaa, akimsimulia kila mnunuzi jinsi alivyomweka mwana wa watu mfukoni.

Dinesh alimwonea fundi huruma. "Bernardo, yule bibi atakumaliza. Ugogo kuna visima vingapi?"

"Nifanyeje, Bwana Dinesh? Utani ni utani."

Bibi naye hakumwachia aondoke na njaa. Alimwekea ugali na mlenda, akimtukania wazazi mpaka sahani iishe. Siku moja Bernardo, katika kula, akauliza kama hakuna mawese kidogo, yale mafuta ya Kigoma, ya kumwagia. Bibi akamtazama. Kisha akaondoka, akaenda kumwomba Marcelina, akamletea, na siku hiyo hakumtukana hata mara moja.

Mwaka ukaisha, Bernardo akapata likizo. Asubuhi ya safari alikuwa kwenye dirisha la tiketi stesheni alipomwona Bibi Kashindye anakuja na khanga mpya na kikapu. Haraka haraka akatoa shilingi moja na senti ishirini, akachukua tiketi, akaitia mfukoni.

"Ndiyo unakwenda Dodoma kwa mama?"

"Dodoma kwa mama, bibi."

"Mwambie amezaa wezi. Mwambie pia umelipa visima kumi na viwili, na deni la babu yangu limekwisha." Akaiweka sawa khanga yake. "Togwa inauzika siku hizi. Kuanzia mwezi ujao bili yangu nalipa mwenyewe. Usije tena mlangoni kwangu na hongo, umesikia? Njoo kula tu."

Bernardo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amempenda bibi huyu kupita alivyojua.

"Kikapu hiki kina kuku," bibi akasema, akimsukumia mikononi. "Usimguse kabla ya Igalula."

"Kwa nini Igalula?"

"Ulafi wako naujua. Panda, mwizi!"

Treni ya Dodoma ikaondoka. Bernardo akapunga mkono dirishani mpaka ile khanga mpya haikuonekana tena.

Igalula, mwendo mfupi tu toka Tabora, akashuka. Akavuka reli, akaketi upande wa pili kungoja treni itokayo pwani, impeleke Kigoma, kwao, alikozaliwa yeye na baba yake na babu yake. Njaa ikamkumbusha kikapu. Chini ya kuku palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Akalifungua, na ndani yake mlikuwa na nauli kamili ya kurudi Tabora: shilingi moja na senti ishirini.