Rambirambi za Fisi

Mtoto wa Digidigi alipopotea, Fisi ndiye aliyetangulia kuja msibani, tumbo limemtuna.

"Pole, mama. Maji yamemchukua."

Digidigi akalia. Jioni Nungunungu akamwambia Digidigi kwamba mtoto kaumwa na nyoka. Kanga naye akaapa ni chui.

"Mmeyatoa wapi haya?"

"Kwa Fisi," wakajibu wote.

Digidigi akamwendea pangoni. "Bwana Fisi, ipi ndiyo kweli?"

Fisi akajilamba midomo. "Ingia ndani, mama, nikuonyeshe."

Digidigi akaingia, hakutoka tena. Asubuhi Fisi akapita kwa majirani akibubujikwa na machozi, na kila mlango akauachia habari tofauti ya kifo cha Digidigi.

Ndiyo maana nyikani, habari moja ikija na sura nyingi, wanyama huiita rambirambi za Fisi, kisha huhesabu watoto wao.