Mguu wa Tano

Tusi la kwanza la siku hiyo lilimpata Mirthe Hoekzema kabla hajavua koti.

“Bado upo?” alisema Sjoerd Talsma, ambaye tayari alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. “Nilidhani jana ulijiuzulu kwa aibu.”

Mirthe alimpa mgongo. Alitundika koti, akanawa mikono, akawasha mashine zake moja moja kwa mpangilio uleule wa miaka kumi na tisa. Hii ilikuwa siku ya tatu na ya mwisho. Ikifika saa kumi jioni kabla hajaonyesha kasoro, sheria ya maabara ilimtaka agonge muhuri wa kuidhinisha. Kisha ile chipu iliyokuwa mezani, ndogo kama punje ya mchele na yenye vijiguu vya chuma, ingeingia kwenye pampu za insulini za wagonjwa wa kisukari nchi nzima.

Kasoro ilikuwepo, alikuwa na hakika. Kwenye mchoro wa ndani wa chipu palikuwa na kipande kisicho na jina. Kiwanda kiliandika kwamba ni mabaki ya muundo wa zamani. Mirthe aliamini ni mlango wa siri, na kwamba atakayeujua angeweza kuiamuru pampu imwage dawa yote mwilini kwa mara moja. Lakini imani haizuii muhuri.

Talsma ndiye aliyeibuni chipu hiyo. Desturi ilikuwa kiwanda kilete mtu wake, akae, aone kazi ikifanyika kwa haki. Pembeni yake alikaa wakili wa kiwanda, bwana Kortleven, akiandika kila neno. Siku ya kwanza wakili alisema wazi: “Mhandisi wetu amesaini mkataba wa siri. Neno moja kuhusu yaliyomo ndani ya chipu, anapoteza kazi na nyumba. Kwa hiyo usimuulize.”

Kuhusu ufidhuli wa mhandisi wake, wakili hakuwa na neno. Alionekana kuufurahia.

Saa nne Talsma alifungua mkate wake wa jibini. “Miguu mitano,” alisema huku anatafuna. “Chipu ina miguu mitano, bibie, na wewe siku mbili nzima unakunakuna minne. Nyie watu wa muhuri! Mkipewa orodha, mnaifuata kama vifaranga vya bata.”

“Wa tano ni wa umeme,” alisema Mirthe. “Unailisha chipu tu. Haupokei amri.”

“Kumbe umesoma kitabu! Hongera.”

Kortleven alicheka puani, akaandika.

Mirthe aliinama kwenye kazi yake. Katika maabara ile hakuna aliyewahi kuugusa mguu wa umeme. Uliunganishwa na mashine ya bei ya nyumba, iliyotoa umeme usio na mtikisiko hata mdogo, ili vipimo viwe vya haki. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundisha wengine. Lakini lile neno la vifaranga vya bata halikumtoka akilini.

Saa sita hakwenda kula. Aliuchomoa ule umeme safi, akaweka wa kwake, akaanza kuutikisa, labda mtikisiko wenyewe ungekuwa amri: anaushusha, anaupandisha, haraka, polepole, mara kumi, mara ishirini.

Chipu ilikaa kimya. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita.

“Mtazame, wakili,” alisema Talsma. “Anaitikisa kama chupa ya mtindi! Sikiliza, bibie. Baba yangu kule Friesland alikuwa na ng'ombe mmoja, mjinga kuliko wote mkoani. Kila siku lazima auguse waya wa umeme wa uzio. Anagusa mara saba. Halafu anasimama, anafikiri. Kisha anarudi, mara mbili. Lakini angalau alikuwa anasimama! Wewe hupumziki hata kidogo. Yule ng'ombe angepewa kazi yako, saa hizi tungekuwa nyumbani.”

Wakili alicheka mpaka akavua miwani na kuyafuta macho.

Mirthe aliinua macho. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika ishirini. “Haya,” alisema. “Tumpe ng'ombe wako nafasi.”

Kwa chuki tu, aliushusha umeme mara saba. Akasubiri. Kisha mara mbili.

Skrini iliyokuwa tupu kwa siku tatu ilijaa maandishi. Dozi, kasi, kikomo cha usalama, vyote vilikuwa wazi vikingoja amri. Mirthe aliandika dozi ya kumuua fahali. Chipu ikakubali.

Hakuna aliyecheka tena. Kortleven aliruka, akaitazama skrini, akarudi kwenye daftari lake na kulipekua kurasa nyuma. Bata, mtindi, ng'ombe: hakuna neno hata moja la siri. Alilitupa mezani, akatoka mbio na simu sikioni.

Mirthe alikiburuta kiti, akakaa akimtazama Talsma uso kwa uso. Siku tatu za dharau zilimpanda ulimini kwa mkupuo.

“Mdomo wako huo, bwana Talsma,” alisema. “Umejichongea mwenyewe. Ukajiona una akili sana hata ukasahau kuufunga. Haya, sasa mjinga ni nani?”

Talsma alitupa jicho mlangoni. Aliinuka, akaufunga mlango aliotokea wakili, akauegemea kwa mgongo. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka kiunoni.

“Siku tatu, mama,” alisema kwa sauti ya chini. “Nilishaanza kuogopa kwamba matusi yataniishia.”