Mshale wa Zebaki

Mshale wa mashine ya mkaguzi, ile inayonusa mvuke wa zebaki hewani, uliruka hadi kwenye nyekundu mbele ya macho ya Bi Tanuri.

"Zebaki tele!" mkaguzi akasema, ameinamia chupa ya makaa ya mawe huku akitafuna karanga. "Mama, hapa mnasafisha makaa au mnakaanga kokoto?" Akacheka mwenyewe, kwa raha zake.

Bi Tanuri hakucheka. Wenzake kiwandani walimpa jina hilo kwa kuwa tanuri lile alilibuni yeye, akalala nalo na kuamka nalo mpaka mumewe akaanza kulionea wivu. Kazi ya tanuri hilo ilikuwa moja: kuyapasha makaa polepole, yasishike moto, ili zebaki iliyomo ipande kama mvuke na kunaswa kwenye bomba la baridi. Hapo ndipo makaa yangekwenda kuchomwa bila kuwatilia watu sumu hewani. Asubuhi alipima mwenyewe, mshale haukutikisika hata kidogo. Sasa mbele ya mkaguzi, kioja!

Na bosi alishasema: tanuri likishindwa leo, linauzwa chuma chakavu.

"Tujaribu nyingine," akaomba.

Ikaletwa chupa ya pili. Mkaguzi akaiinamia, akaanza kisa cha mjomba wake na punda, na kabla punda hajafika sokoni mshale ukaruka tena. Ya tatu, vivyo hivyo. Jamani, mtu anaweza kulia mbele za watu.

Bosi akatoa simu mfukoni. "Haloo, ndugu wa vyuma chakavu? Eeh, njoo na lori."

"Bosi, subiri! Naomba chupa moja tu, basi."

"Mama, la kuvunda halina ubani," mkaguzi akamwambia kwa huruma, mdomo umejaa karanga. Hata hivyo akaiinamia chupa ya nne aliyoletewa na Bi Tanuri, macho yake kwenye mshale tu. Mshale ukapanda mbio.

"Si unaona? Hii ndiyo mbaya kuliko zote!"

"Hiyo sijatia kitu, mheshimiwa. Nimeiosha sasa hivi."

Bosi akashusha simu. Mkaguzi akaikodolea macho ile chupa tupu, kisha akaangua kicheko, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka kooni.

"Basi mashine yangu imerogwa!"

Bi Tanuri alikuwa amesimama karibu naye, akachungulia.

"Mheshimiwa, samahani. Hayo magego umezibwa lini?"

"Juzi, manne kwa mpigo! Daktari wangu ni wa kizamani, hataki hizi dawa nyeupe za siku hizi. Anatumia ile ya rangi ya fedha, anaikoroga mwenyewe na zeba..."

Akafumba mdomo, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Mshale ukashuka hadi sifuri.